Kitambaa Si Chake, Ushuru Ni Wake?

Mwanamke wa Kimuli, wilayani Kyerwa, anayetaka gauni la harusi ya nduguye mara nyingi hanunui gauni. Hununua kitenge, akakipeleka kwa fundi cherehani, akapimwa kwa tepu begani, kifuani na kiunoni, wakapatana bei ya mshono, na siku ya kuchukua akalipa ufundi basi. Uzi na zipu huwa ndani ya bei hiyo. Bitana ni mapatano mengine. Kitenge kilikuwa chake kilipotoka dukani, kikabaki chake kilipolala juu ya meza ya fundi, na ni chake kinapomkaa mwilini. Tuseme sasa dola imeweka ushuru kwa kila gauni linaloshonwa, asilimia kumi ya thamani yake, mlipaji akiwa ni yule aliyelishona. Thamani ipi? Ule ufundi tu? Ufundi pamoja na kitenge, ambacho fundi hakukinunua wala hatakiuza? Au bei ambayo gauni hilo lingefikia kama lingetundikwa kwenye duka la Bukoba mjini, pango, umeme na maneno matamu ya muuzaji vikiwa vimeshaongezwa juu yake?

Hakuna anayemtoza fundi wa Kimuli ushuru wa namna hiyo, na Mungu apishie mbali asije mtu wa halmashauri akasoma hapa akapata wazo. Lakini swali lenyewe si la kubuni. Limewahi kuwasumbua majaji watano kwa pamoja, na kabla yao limewasumbua mafakihi wa Kiislamu na wanasheria wa Roma, kwa sababu chini ya hesabu ya ushuru pana swali la haki ambalo kila dini inalijua: mtu ahesabiwe kwa lipi? Waislamu na Wakristo wa Karagwe na Kyerwa wanafundishwa jambo moja hapa. Qur'ani inarudia mahali kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na sura ya 18 ya kitabu cha Ezekieli inakataa mtoto kulipishwa dhambi ya baba yake. Mafundisho hayo husomwa kwa kawaida kuhusu dhambi. Mimi nadhani yanafaa kusomwa pia kuhusu faida. Kama si haki kumwandikia mtu kosa ambalo mkono wake haukulitenda, si haki vilevile kumwandikia pato ambalo mkono wake haukuligusa kisha kumdai sehemu yake. Mtu ahesabiwe kwa kilichopita mkononi mwake, hesabu iishie pale mkono ulipoachia, na kilichozaliwa baadaye waandikiwe waliokizaa.

Kesi iliyolifikisha swali hili kikomoni ilitoka India. Biashara ya nguo ya huko imegawanyika kwa muda mrefu. Mfanyabiashara hununua kitambaa kibichi, kile ambacho watu wa pwani yetu walikiita marekani, kutoka kwa wafumaji. Hakimiliki kiwanda. Hukipeleka kwa mwenye mitambo ya kupausha, kutia rangi na kuchapa maua, ambaye humrudishia kitambaa kilichokamilika na kupokea ujira wake kwa mita. Serikali ilitaka ushuru wa bidhaa kutoka kwa mwenye mitambo, na iliutaka juu ya bei ambayo mfanyabiashara angeuzia mwishoni. Wenye mitambo wakapinga kwa hoja mbili. Kwanza, walisema, hatujatengeneza kitu: kitambaa kiliingia, kitambaa kimetoka. Pili, hata kama tumetengeneza, chetu ni ujira tu. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Gujarat iliwakubalia ile hoja ya kwanza. Mwaka 1980 Bunge la India likabadili sheria, tena kwa kurudi nyuma, likatamka kwamba kupausha, kutia rangi na kuchapa ni kutengeneza. Mahakama ya Juu ikaiunga mkono sheria hiyo mwaka 1985 katika kesi ya Empire Industries, kisha mashaka yakazuka tena, na tarehe 4 Novemba 1988 jopo la majaji watano likamaliza ubishi katika kesi ya Ujagar Prints. Watengenezaji mnalipa, lilisema, lakini si juu ya bei ya mfanyabiashara.

Miezi michache baadaye, Januari 1989, mahakama hiyo ililazimika kufafanua hesabu yake, na ufafanuzi huo ndio wenye utamu. Ilitoa mfano wa tarakimu. Ikiwa kitambaa kibichi kilichofika kwa mtia rangi kina thamani ya rupia 20, kazi aliyoifanya ni rupia 5, na faida yake ya utengenezaji ni rupia 5, basi thamani ya kutozwa ushuru ni rupia 30. Mfanyabiashara akienda kuiuza nguo hiyo kwa 40 au 50, hiyo ni habari yake. Hesabu inafungwa langoni mwa kiwanda cha rangi. Ila lango lenyewe ni la kudhania, kwa sababu hakuna kilichouzwa hapo. Mtia rangi amerudisha tu mali ya mtu. Mahakama ikabidi iseme tufanye kana kwamba aliuza, kana kwamba kwa dakika moja kile kitambaa kilikuwa chake, akakipangia bei, kisha kikaendelea na safari. Ni dhana ya ajabu. Inamfanya mtu awe mwenye mali kwa ajili ya kodi tu, pale ambapo akitaka kuiweka rehani mali hiyo hiyo angeitwa mwizi.

Nianze na kile ambacho majaji walikipatia. Walipokataa bei ya mfanyabiashara, walisema jambo ambalo mafakihi wa Kiislamu walikuwa wameshalifanyia kazi kwa uangalifu mkubwa kupitia mtu yuleyule, mtia rangi. Katika madhehebu ya Hanafi kuna swali la mtu aliyepora nguo nyeupe ya mwenzake akaitia rangi nyekundu. Nguo ni ya nani sasa? Jibu ni kwamba mwenye nguo ana hiari: amwachie mporaji nguo na kudai thamani yake ilipokuwa nyeupe, au aichukue na amlipe yule mporaji kile ambacho rangi imeongeza. Hata mporaji! Dhambi yake inabaki dhambi, lakini alichokiongeza hakifutwi, na wala hakikuzwi kikawa zaidi ya kilivyo. Wanazuoni hao hao walijiuliza kuhusu zaka ya fundi. Dobi amenunua sabuni ya kufulia nguo za watu: je, sabuni hiyo inahesabiwa katika mali ya biashara inayotolewa zaka? Hapana, kwa sababu sabuni huisha na maji, haibaki ndani ya nguo. Mtia rangi je, amenunua zafarani au rangi nyingine ya kutia nguo za watu kwa ujira? Ndiyo, kwa sababu rangi inabaki ndani ya nguo, na ujira anaopokea ni badala ya kitu kinachoondoka kwake na kukaa kwa mwingine.

Tofauti hii ya sabuni na rangi inastahili kutazamwa kwa ukaribu, maana inakwenda mbali kuliko inavyoonekana. Wale wenye mitambo wa Gujarat walidai kwamba kitambaa kilichoingia ni kitambaa kilichotoka. Fakihi angewauliza: kilichotoka kimebeba nini chenu? Kupausha kunaondoa, kama sabuni. Kuchapa maua kunaacha kitu. Bunge la India liliviweka vyote katika kapu moja, jambo ambalo ni rahisi kwa karani lakini ni uvivu wa fikra. Muhimu zaidi, fakihi anapouliza zaka ya mtia rangi, hesabu yake inashika rangi na ujira. Haifiki kwenye nguo. Nguo ina mwenyewe, na kama mwenyewe ni mfanyabiashara, ataihesabu yeye mwaka utakapotimia, kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, kisha atatoa robo ya fungu la kumi. Kila mmoja ameulizwa alichonacho. Na roho hii iko pia katika zaka ya mazao: shamba lililonyweshewa na mvua hutolewa fungu la kumi, na lililonyweshewa kwa taabu ya mtu hutolewa nusu yake. Jasho limetambuliwa ndani ya kiwango chenyewe cha kodi. Sijui sheria ya kodi ya nchi yoyote ya sasa iliyosema jambo hili kwa ufupi na uwazi wa namna hiyo.

Waroma walipita njia nyingine na wakakwama. Shule ya Sabinus ilimpa mwenye zabibu divai iliyotengenezwa na mtu mwingine, shule ya Proculus ikampa mtengenezaji, na sheria ya Justiniano ikatafuta njia ya kati kwa kuuliza kama kitu kinaweza kurudishwa kuwa kilivyokuwa. Kuhusu nguo walikuwa wakali: uzi wa zambarau uliofumwa katika vazi la mwingine unakuwa wa mwenye vazi, hata kama uzi huo una thamani kuliko vazi lote. Kukwama kwao kulitokana na swali walilouliza. Walitaka kujua kitu kizima ni cha nani, nao kitu kizima hakiwezi kuwa cha wawili bila ugomvi. Aliyeuliza nani ameongeza nini alipata jibu.

Atakayepinga ataanza hapa. Atasema thamani si kitu kinachokaa ndani ya nguo kikingoja kupimwa. Thamani hujulikana sokoni, mtu anapotoa fedha mfukoni. Kabla ya hapo kuna gharama tu. Kwa hiyo bei ya mwisho ndiyo thamani ya kweli, na kuishia langoni mwa kiwanda ni kufumba macho makusudi. Hoja hii ina nguvu, na njia nzuri ya kuijibu ni kuitazama kanga. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kanga za pwani yetu kwa nyakati mbalimbali zilichapwa Ulaya, India na Japani, mbali kabisa na wanawake waliozivaa, na mara nyingi aliyechapa hakujua hata neno moja la maandishi aliyokuwa akiyachapa. Pindo, mji wa katikati na jina, yaani yale maandishi, viliamuliwa huku. Mnunuzi anaposimama mbele ya rundo la kanga, husoma jina kwanza, na doti mbili za kitambaa kilekile, rangi ileile na wino uleule zinaweza moja ikaisha siku ya kwanza na nyingine ikalala dukani mpaka ikaliwa na panya. Aliyechapa amefanya kazi sawa kwa zote mbili. Kama thamani ya kutozwa ushuru ni bei ya sokoni, basi mchapaji wa ng'ambo atalipa zaidi kwa sababu mtu wa Mombasa alijua kutunga maneno ya kumchoma jirani. Soko limetuambia ukweli kuhusu kanga, nakubali. Halijatuambia lolote kuhusu mchapaji.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inalijua jambo hili, ingawa inalijua kwa jicho moja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Nne, inasema thamani ya bidhaa iliyoagizwa ni bei iliyolipwa, kisha inaongeza vile ambavyo mnunuzi alimpa mtengenezaji bure au kwa bei ya chini: malighafi, vifaa, kalibu. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akipeleka kitambaa chake ng'ambo kikachapwe, kwa kawaida hawezi kurudi bandarini akatangaza ujira wa kuchapa peke yake. Ni rupia 20 na 5 na 5 tena, safari hii zikidaiwa kwa mwenye mali, na hapo ndipo mahali pake. Lakini kazi ya michoro na usanifu huongezwa tu ikiwa imefanyika nje ya nchi mwanachama. Mchoro wa kanga uliochorwa Mombasa hauhesabiwi. Uliochorwa Mumbai na kulipiwa na mnunuzi unahesabiwa. Wino ni uleule, karatasi ni ileile. Kanuni hii inalinda kazi za nyumbani, kama vile kanga, kikoi na kitenge zilivyowekwa katika orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya, kwa miaka mingi zikitozwa 50%. Ni siasa ya uchumi inayoeleweka. Ila tusiite kupima thamani.

Karagwe yenyewe iliwahi kukaa jirani na namna nyingine ya kutoza, ambayo kwangu ni mfano wa kinyume kabisa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kupanda kaskazini ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo, marekani na kaniki, na kiasi cha hongo hakikutokana na idadi ya majora yaliyobebwa. Kilitokana na jinsi mgeni alivyoonekana. Mpelelezi Mwingereza Speke alipopita Usui kwa mtemi Suwarora mwaka 1861 alikamuliwa kwa mabishano ya siku nyingi, kwa kuwa Mzungu mwenye bunduki na wapagazi wengi lazima awe na mali nyingi. Alipovuka kuingia Karagwe kwa Rumanyika, mnamo Novemba mwaka huo, aliambiwa kwamba wageni hawatozwi, akapewa chakula kwa amri ya mfalme. Sisemi Rumanyika alikuwa mtakatifu. Zawadi zilipelekwa na zilipokewa kwa furaha, na wafanyabiashara wa Kiarabu wenye kituo chao Kafuro walijua faida ya kuwa marafiki zake. Lakini biashara ilikwenda Karagwe kwa hiari yake, wakati kule jirani kila safari ilianza kwa hofu. Hongo ya kubahatisha ndiyo mzizi wa kodi inayomtazama mtu kwa kile anachoweza kuja kupata. Mtozaji hajui ulichofanya. Anakisia utakavyonufaika, au atakavyonufaika rafiki yako.

Kuna pingamizi la pili, na hili ni la watu wa mapato. Ukishaamua kwamba hesabu inafungwa langoni mwa mtia rangi, watasema, kila mwenye kiwanda atajigawa vipande viwili. Atasajili kampuni ya kutia rangi kwa jina la mkewe na kampuni ya kuuza kwa jina lake, ujira wa kutia rangi utaandikwa senti mbili, na faida yote itakimbilia upande ambao ushuru haufiki. Wana haki ya kuogopa. Njia hiyo imepitwa sana. Ila tazama kwamba hofu yao haivunji kanuni. Kanuni inasema hesabu iishie pale mkono ulipoachia, na katika mchezo huu mkono haujaachia kitu. Ni mkono mmoja uliovaa glovu mbili. Kazi ya sheria ni kuuliza kama waliopatana ni watu wawili kweli, kila mmoja akitafuta maslahi yake, kama mama wa Kimuli na fundi wake wanavyovutana mpaka bei ya mshono ishuke shilingi elfu moja. Wakiwa wawili kweli, bei waliyopatana ni ushahidi mzuri kuliko makisio ya afisa yeyote. Wakiwa mmoja, hakuna mapatano ya kuheshimu, na hapo zichukuliwe bei wanazotozana watu baki. Kumtoza kila mtia rangi mwaminifu kwa faida ya mfanyabiashara asiyemjua, kwa sababu baadhi ya watia rangi ni vivuli vya wafanyabiashara, ni kuwaadhibu wengi kwa hila ya wachache, na Ezekieli tumeshamsikia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Mwalimu Nyerere. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 alihoji jamii ambayo mtu mmoja, hata awe na bidii na akili kiasi gani, anaweza kujipatia zawadi inayolingana na ya watu elfu. Kwa mtazamo huo, faida ya mfanyabiashara wa nguo haikutoka kwake peke yake. Imetoka kwa mfumaji, mtia rangi, dereva, barabara na mnunuzi. Kuitenga faida hiyo nje ya hesabu kwa kusema ni ya mikono mingine ni kumwachia anayevuna asipopanda. Nakubali nusu ya kwanza ya hoja hii yote. Jamii ina dai juu ya faida ya mfanyabiashara, na dai hilo linaweza kuwa kubwa. Ninachokataa ni njia ya kulifikia. Ukitoza faida ya tajiri kwa kupitia lango la mtia rangi, anayetoa fedha siku ya kwanza ni mtia rangi, ambaye hana faida hiyo mkononi na pengine hataiona. Itabidi amfuate tajiri kumdai, na mwenye shida ya kazi ya kesho hamdai mteja wake kwa sauti kubwa. Faida ya tajiri itozwe kwa tajiri, kwa kodi ya mapato, anapoipata. Waraka wa Yakobo unawatisha matajiri kwa ujira wa vibarua waliouzuia, ujira unaopiga kelele mpaka mbinguni. Dola inayomtanguliza kibarua kulipa kwa ajili ya tajiri inajiingiza katika kesi hiyo upande usiofaa.

Na kwa sababu hiyohiyo siwezi kuwafuata majaji wa India mpaka mwisho. Walimwondolea mtia rangi faida ya mfanyabiashara, wakamwachia kitambaa. Rupia 20 kati ya zile 30 hazikuwa zake. Utetezi wao ni kwamba ushuru wa bidhaa unakaa juu ya kitu kilichotengenezwa, na kitu hicho ni nguo nzima yenye rangi. Hakuna rangi inayoning'inia hewani bila nguo. Kama maelezo ya aina ya kodi, ni sahihi. Kama haki, inategemea jambo moja tu: je, fedha hiyo inarudi kwa mwenye kitambaa bila kumuumiza aliyetangulia kuitoa? Mwenye mitambo mikubwa atamwandikia mteja ankara na kulipwa. Mwenye matangi matatu ya rangi nyuma ya nyumba atangoja. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania ilianza kuitoza Julai 1998, imelimaliza tatizo hili kwa kumrudia yule fakihi bila kumtaja. Anayetia rangi kitambaa cha mwingine, akiwa amesajiliwa, hutoza kodi hiyo juu ya ujira wake. Kodi aliyolipa kwenye rangi na dawa hupunguzwa. Na mwenye kitambaa atalipa ya kwake atakapouza. Sisemi kodi hiyo ni ya haki kwa kila hali. Mwisho wa safari humkuta mnunuzi, maskini na tajiri kwa kiwango kilekile, na hilo lina mjadala wake. Nasema tu kwamba katika kugawa hesabu kati ya mikono, imekuwa na adabu kuliko ushuru wa kale.

Kimuli na vijiji vinavyoizunguka vina zao linalopita katika maswali haya kila msimu, nalo ni kahawa. Mkulima huanika, hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, na kahawa hiyo hukobolewa katika safari yake ya sokoni. Mashine ya kukoboa ni mtia rangi wa huku: mali si yake, ujira ni kwa kilo, na hakuna anayefikiri kumtoza mwenye mashine kwa bei ambayo kahawa itapata Ulaya. Ushuru wa mazao wa halmashauri unamhusu mnunuzi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 ni 3% kwa mazao ya biashara, juu ya bei ya shambani. Bei ya shambani ni lango lilelile la Ujagar Prints, ila hili si la kudhania. Hapa pana muuzaji kweli na mnunuzi kweli. Lakini ndipo inapoingia butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au msiba huuza kahawa ingali mtini, maua bado hayajawa punje, kwa mtu ambaye ataivuna au kuipokea miezi kadhaa baadaye. Serikali imeikataza butura mara nyingi, nayo inaendelea gizani. Sasa mwenye butura akifika kwenye kizuizi cha ushuru na magunia yake, na akaulizwa bei ya shambani, atataja ile aliyomlipa mkulima mwezi wa njaa. Kwa maneno hajadanganya. Mtu anayeshika kanuni yangu kijuujuu angemkubalia: hayo ndiyo mapatano, hesabu iishie hapo.

Siwezi kumkubalia, na sababu ni ileile iliyowatoa nje wale wenye kampuni mbili. Kilichouzwa wakati ule hakikuwa kahawa, kwa kuwa kahawa haikuwepo; ulikuwa mkopo uliofungwa kwa mti. Tofauti kati ya bei ya butura na bei ya chama ni riba kwa jina lingine, na Waislamu na Wakristo wa zamani waliikataa riba kwa ukali unaofanana. Kahawa ilifika langoni siku ilipovunwa, na siku hiyo ilikuwa na bei inayojulikana, ile ambayo jirani wa shamba la pili alilipwa na chama wiki hiyohiyo. Afisa atumie hiyo. Mwenye butura alipe asilimia tatu yake kutoka mfukoni mwake, bila kurudi kwa mkulima kudai tofauti, na ushuru huo usiwe risiti ya kuuhalalisha mkopo wenyewe, ambao mkulima abaki na haki ya kwenda kuulalamikia kwa kulinganisha alichopewa na kile ambacho mti wake ulizaa.